Hesabu za "isizidi" nazo ni hesabu

Mhariri, mi naona watoto wanakaririshwa tu zile alama za < na > (ndogo kuliko na kubwa kuliko), ambazo zipo vitabuni tangu 1631, bila kuambiwa zinafanya kazi gani. Chukua lifti inayobeba mwisho kilo 600, wewe una kilo 75 na kila boksi lina kilo 18, unaandika 75 + 18x ≤ 600 (x ni idadi ya maboksi, na ≤ ndiyo hiyo "isizidi"), unatoa 75 zinabaki 525, ukigawa kwa 18 unapata 29 na kidogo, sasa hapo wengi wanakimbilia 30 eti wanakadiria, kumbe 30 inafika kilo 615! Jibu ni 29, basi. Na ukigawa kwa namba hasi alama inageuka, hapo hata mimi nilipigwa sana kwenye mitihani.