Malalamiko kuhusu jakuzi la hezi 60 mliloniuzia

Walukuba, Jinja
19 Januari 2026

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala

Ndugu Meneja,

YAH: JAKUZI LILILOTENGENEZWA KWA UMEME WA MAREKANI

Mimi ni dereva mstaafu. Nimevuta trela miaka 26 kutoka Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba, na mgongo wangu unakumbuka kila shimo la njia ile. Ndiyo maana tarehe 12 Novemba 2025 nilikuja dukani kwenu nikalipa shilingi milioni 31, mkupuo mmoja, kwa jakuzi la watu watano. Naliita jakuzi kwa kuwa ndivyo tunavyoyaita yote, ingawa jina lililoandikwa ubavuni ni lingine.

Sikununua kwa pupa. Nilimwuliza kijana wenu mambo matatu: uzito, umeme na uniti. La uzito alinijibu vizuri, simnyimi haki yake. Maji lita 1,200 ni kilo 1,200. Ongeza beseni lenyewe na watu ndani yake, inakaribia tani mbili. Akanishauri nisiliweke roshanini, nimwage zege chini. Nikamwaga, inchi sita na nondo.

La umeme nilimwuliza mara mbili, maana niliona kwenye maboksi kwamba mzigo umetoka Marekani. Akapigapiga kifuniko akasema, "Mzee, 240 ni 240. Utaunga tu, uingie uoge." Jioni nikamwuliza tena kwa WhatsApp, akarudia maneno yaleyale na kunitumia kidole gumba. Ujumbe ninao.

Mafundi wenu wakaja wakaunga. Usiku wa kwanza taa ya ndani iliwaka kama radi ikafa papo hapo, na kifaa cha ozoni, kile cha kusafishia maji, kikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Maji yalipata moto, hilo sikatai, ila kuyapandisha kutoka nyuzi 23 hadi 38 kulimeza uniti zaidi ya 20 za Yaka, yaani mita yetu ya kulipia kabla, na kijana alikuwa ameniapia kwamba linakula kama friji. Hayo yote ningeyavumilia. Pampu ndiyo iliyonitoa majini. Nimesikiliza injini maisha yangu yote, na ile ililia kama lori lililozidishiwa mzigo likipanda mlima kwa gia isiyo yake. Mapovu yalikuwa hafifu, hayafiki hata kiunoni. Baada ya dakika ishirini ikajizima kwa joto. Ikipoa inawaka, ikiwaka inajizima, mpaka leo.

Nikamwita fundi umeme wa hapa mjini. Kabla ya kugusa skrubu yoyote alimulika tochi kwenye kibati cha pampu akasoma: volti 240, hezi 60. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50, na hezi ni mara ambazo umeme huenda na kurudi kwa sekunde moja. Mota iliyosukwa kwa hezi 60 ukiilisha 50 hupungukiwa moja ya sita ya mwendo wake, na huku inachemka. Halafu hata hiyo 240 ya Marekani si 240 yetu. Wao huleta waya mbili za moto, kila mmoja volti 120 ukiupima na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na vitu vidogo kama taa na ozoni vinatumia hiyo 120. Sisi tuna waya mmoja wa moto wenye 240 na nyutro yake. Mafundi wenu waliunga bila kusoma kibati, vile vidogo vikapata mara mbili ya riziki yao.

Nilipowapigia simu mkasema ninunue transfoma, shilingi milioni 2.4, kutoka kwenu. Ndugu Meneja, transfoma hushusha au kupandisha volti, hezi haizigusi. Ingeokoa taa, pampu ingebaki vilevile. Nilipopiga mara ya pili nikaambiwa waranti haihusiki na "hitilafu ya umeme wa mteja". Hitilafu ipi? Naishi mji mmoja na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na halijaanza jana kutoa hezi 50.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inataka bidhaa iifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Mimi nilieleza, nikauliza, nikajibiwa kwa maandishi.

Nadai haya ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii: mnirudishie shilingi milioni 31 pamoja na 180,000 nilizomlipa fundi, na mje kuchukua mali yenu kwa gharama yenu. Kubadilishiwa pampu peke yake sikubali, kwa sababu bodi, taa na ozoni navyo ni vya kule kule, na tutashinda mwaka mzima tukitia viraka. Kama mnalo la hezi 50, nitumieni kwanza picha ya kibati chake nikisome mwenyewe, ndipo tuongee. Fedha ya zege sidai. Lile lilikuwa shauri jema.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya kibati na ule ujumbe wa WhatsApp. Maji nimeshayamwaga yasifuge mbu. Geti langu lina upana wa futi nane, kwa hiyo leteni lori lenye winchi, na mje baada ya saa moja asubuhi, kuku wa mke wangu wakiwa wameshashuka kifunikoni.

Wenu,
Mteja wa Walukuba