Usimlipe dalali bado

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi sana kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, na watoto wanakuulizia kila siku tangu waliposikia huenda ukahamia Dar.

Nimepata ujumbe wako na zile picha za apatimenti ya ghorofa ya tatu hapa kwenye jengo letu. Umesema dalali anakuharakisha, ati kuna mtu mwingine anaitaka na kesho inaweza isiwepo. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu fedha unazotaka kutoa nazijua ulivyozihangaikia.

Picha alizokutumia ni za kweli, ila zimepigwa baada ya rangi. Aliyekuwa akikaa humo, Mama Naima, amehama kwa sababu ya bafu. Lilianza doa la manjano darini, halafu rangi ikavimba, plasta ikawa inadondoka kidogokidogo. Usiku mmoja likaanguka bonge la zege, bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani. Asubuhi aliniita nikalishika mwenyewe. Upande mmoja lilikuwa na mfereji uliochorwa na nondo, umejaa kutu nyekundu iliyoniachia rangi vidoleni.

Fundi aliyeitwa kuangalia alitueleza vizuri. Bomba la bafu la ghorofa ya nne limepita ndani ya slabu, yaani ile sakafu ya zege ambayo ndiyo dari ya bafu la chini yake, na linavuja pale lilipoungwa. Maji yakifika kwenye nondo zinashika kutu, na nondo yenye kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Kwetu ni mbaya zaidi kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya Dar. Hata bomba za jikoni hapa hazidumu. Alisema dawa ni kung'oa vigae vya bafu la juu, kubadilisha bomba lote, kusugua nondo na kuziba zege upya. Kilichofanyika ni kupiga skimu na rangi nyeupe, na siku ya pili dalali akaja kupiga picha.

Utaniuliza kwa nini mwenye nyumba hatengenezi kitu ambacho kitamharibia jengo lake mwenyewe. Nimelifikiria sana hili. Si kwamba ni mtu katili, akikukuta kwenye ngazi atakusalimia vizuri na kuuliza hali ya watoto. Tatizo ni kodi ya miezi sita. Ukishamkabidhi fedha ya nusu mwaka, na wengine wanadaiwa ya mwaka mzima, unakuwa umetoa mkononi kitu pekee kilichomfanya akusikilize. Unapiga simu inaita tu. Ukimpata, anakwambia fundi yuko njiani. Ukiona fundi kweli ameingia na ngazi begani, ujue mwezi wa mtu fulani kulipa umekaribia.

Na miezi yetu haifanani. Mimi nalipa Machi, jirani yangu wa mkono wa kulia Julai, wa chini Oktoba. Kwa hiyo kila mmoja analalamika kwa wakati wake, na jibu ni lilelile: mbona wenzako hawasemi? Jengo zima tumekaa miaka tukidhani kila mtu ana tatizo lake.

Umeme nao una habari yake. Pampu inayopandisha maji kwenye simtank za juu ilikuwa imeungwa kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ya mpangaji mmoja wa chini, na sisi wengine tunamchangia. Mtu akichelewa kuchanga, yule dada anazima pampu, na nina hakika wewe ungeizima pia. Basi jengo zima tunakosa maji, ugomvi unakuwa wa wapangaji kwa wapangaji, na mwenye nyumba hayumo kabisa. Juu ya hapo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, baadaye ikapanda. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Serikali ilisema mpangaji aelewane na mwenye nyumba arudishiwe, lakini hapa kwetu hakuna aliyerudishiwa senti mpaka tulipoliandika kwenye karatasi.

Masika ndiyo yaliyotuunganisha. Chemba ya maji taka ilijaa ikafurika mpaka mlango wa ngazi, watoto wakawa wanaruka juu ya matofali kwenda shule. Mtoto wa chini aliharisha wiki nzima. Tulipompigia msimamizi wa jengo alisema tuchange tuite gari la kunyonya. Hapo ndipo mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza, mwalimu mstaafu, alipotuita wote jioni tukakaa kwenye ngazi. Alikuja na daftari. Alimtaka kila mmoja aseme tatizo lake na mwezi wake wa kulipa, akaandika. Zuhura, nilisikia mambo usiku ule ambayo sikuwahi kuyajua, na watu hao tunapishana kila asubuhi.

Yeye ndiye aliyetusomea Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Nilikuwa nadhani mpangaji hana sheria, kwa sababu ile ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo bei ni makubaliano. Kumbe Sheria ya Ardhi inasema mwenye jengo akipangisha sehemu tu ya jengo, ni wajibu wake kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka, ngazi na sehemu zote tunazotumia kwa pamoja. Nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kuishi binadamu. Haijalishi mkataba wako una ukurasa mmoja, au umeandikwa na dalali kwa haraka.

Tukaandika barua moja, tukasaini wote. Nakala moja tukaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akagonga muhuri. Tulisema wazi kwamba tusipojibiwa tutakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na wale ambao miezi yao ya kulipa ilikuwa imefika walisema hawakatai kulipa, ila watalipa ya miezi mitatu mitatu mpaka kazi ifanyike. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomleta. Alikuja mwenyewe, safari hii bila msimamizi, akakaa nasi kwenye ngazi zilezile. Alikasirika mwanzoni. Mwalimu akamwacha aseme yote, kisha akamkabidhi lile daftari.

Chemba ilizibuliwa na kujengwa upya, kubwa zaidi. Pampu imepata LUKU yake na yeye ndiye anayenunua umeme. Kodi ya jengo tunakata kwenye kodi ya nyumba, na imeandikwa. Slabu ya lile bafu ndiyo haijaguswa. Anasema ni gharama kubwa, na mpangaji wa ghorofa ya nne hataki kuvunjiwa bafu. Mimi hili silichukulii kwa wepesi. Lilipoporomoka lile jengo la Kariakoo Novemba 16, 2024, tulikaa tukiangalia picha za watu wakichimba vifusi kwa mikono kuwatafuta wenzao waliokuwa wakigonga kutoka chini. Sisemi jengo letu litaanguka. Fundi amesema nguzo ni nzima na tatizo liko kwenye slabu ile. Lakini watu hulala juu yake na wengine huoga chini yake, na kutu haisubiri mwenye nyumba apate nafasi.

Kwa hiyo nakuomba usimlipe dalali sasa hivi. Akikukumbusha habari ya mtu mwingine anayeitaka, mwambie ampe tu. Yeye anachosubiri ni kodi yako ya mwezi mmoja, ambayo ndiyo malipo yake, na akishaipata humwoni tena. Mwambie unataka kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso. Ukikutana naye, mwambie utaichukua siku bafu la juu litakapokuwa limebomolewa na bomba limebadilishwa, na utakuja kuangalia kabla halijazibwa. Omba miezi mitatu badala ya sita. Kwenye mkataba liandikwe nani anatengeneza nini na ndani ya siku ngapi, na picha za kila chumba ziambatanishwe zikiwa na saini zenu wote wawili.

Nimeongea na wenzangu kabla ya kukuandikia. Apatimenti hiyo ni tupu tangu Mama Naima ahame, na kila mwezi unaopita mwenye nyumba anapoteza kodi. Barua yetu alishaizoea, lakini nyumba tupu inamuuma. Kama wewe na wengine watakaokuja kuiona mtasema neno hilohilo la bafu, atavunja vigae. Mama Naima naye amesema yuko tayari kumweleza yeyote atakayekuja kuiona, ana picha za zamani zote kwenye simu yake.

Njoo Jumamosi ulale kwangu. Fika mapema, kabla ya saa nne, nikupandishe juu uone kwa macho yako, na mlinzi atatufungulia. Mwalimu amesema atakuandalia mfano wa mkataba, na jioni tutapika pilau. Mwambie mama nimemsalimia sana, na asisahau ule mchele alioniahidi.

Wako akupendaye,
Rehema