Kompyuta inayotabiri saratani ya koo inapima nini hasa?

Ndugu Mhariri,

Habari kuhusu akili mnemba hospitalini zinazidi kusema kwamba kompyuta sasa inaweza kuitazama picha ya CT (eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) ya mgonjwa wa saratani ya koo na kueleza kama atapona. Kazi yangu ni kuchora mipaka ya uvimbe kwenye picha kama hizo kabla mgonjwa hajaanza mionzi. Habari hizo zinawapa wagonjwa matumaini, na wengine hofu, kabla ya ushahidi kukamilika.

Wazo lenyewe lina uzito. Mwaka 2014 mtafiti Hugo Aerts na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya mapafu na ya kichwa na shingo. Kompyuta ilipima sifa 440 za uvimbe, zikiwemo umbo lake na jinsi weupe na weusi ulivyochanganyika ndani yake. Zikachujwa zikabaki nne, na hizo nne zikahusishwa na muda ambao mgonjwa angeishi. Wengi tulifurahi.

Mwaka 2019 mtafiti Mattea Welch na wenzake waliirudia hesabu ile kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kuwa sharti. Ndani ya mpaka wa uvimbe walizivuruga nukta zote za picha, zikakaa ovyo, hata pasibaki muundo wowote wa kusomwa. Kisha wakaiacha kompyuta itabiri tena. Ilitabiri vilevile! Sifa tatu kati ya zile nne zilikuwa zikifuatana na ukubwa wa uvimbe, na ukubwa huo daktari huupata bila hesabu hizo zote.

Tena picha zenyewe hazisomeki kirahisi hivyo. Mgonjwa aliyezibwa jino kwa madini akipigwa CT, mistari myeupe na myeusi huchirizika kutoka kwenye jino hadi kwenye ulimi na tonsili, palepale tunapoutafuta uvimbe. Mimi hulinganisha na picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, na maelezo ya daktari aliyemchungulia koo. Programu ambayo haikuandaliwa kwa hali hiyo huihesabu mistari ile kama sehemu ya saratani. Hata mimi na mwenzangu tukichora uvimbe uleule, mipaka yetu haifanani kabisa, na sifa zinazopimwa ndani ya mipaka hiyo nazo hubadilika.

Kuna pia vipimo tulivyonavyo tayari. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2010 kuhusu saratani ya sehemu ya kati ya koo ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 82 ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa na kirusi cha HPV, na asilimia 57 ya wasiokuwa nacho. Kama kirusi hicho kipo hujulikana kwa kupima kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Uvutaji wa sigara nao ulibadilisha matarajio.

Na hata utabiri ukiwa sahihi, hautoshi kuamua tiba. Kwa kuwa wenye HPV huelekea kupona, majaribio mawili yaliyochapishwa mwishoni mwa 2018 yaliwapa baadhi yao, pamoja na mionzi, dawa ya setuksimabu badala ya sisplatini, dawa ya kemo iliyozoeleka, kwa matumaini ya kuwapunguzia madhara. Waliobadilishiwa dawa waliishi muda mfupi zaidi. Hao walikuwa watu ambao kipimo cha HPV kilisema wana nafasi nzuri.

Ndiyo maana naomba waandishi wako, wanapoletewa programu ya aina hii, wamuulize mtengenezaji imeongeza nini juu ya ukubwa wa uvimbe, HPV na sigara, na kama imejaribiwa kwa picha za hospitali ambayo haikushiriki kuitengeneza. Jibu lake lichapishwe ndani ya habari yenyewe, ili mgonjwa alisome kabla ya kukubali tiba yake ipunguzwe au iongezwe.

Wako,
Mtaalamu wa tiba ya mionzi