Risala ya Wanachama wa Kikundi cha Ulengaji wa Vitendo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimisha Mafunzo ya Wanaoanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wetu, wakufunzi, maafisa wa uwanja, wahitimu, wazazi na majirani mliofika, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja, na pia kwa kuvaa miwani na vizibo vya masikio pale getini bila kunung'unika. Hapa hakuna asiyevaa. Kipande cha risasi kinachoruka nyuma kutoka kwenye bamba la chuma hakichagui mgeni wala mwenyeji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wakisikia mashindano ya bastola hudhani ni watu kufyatua ovyo na kupigiana makofi. Mchezo huu wa ulengaji wa vitendo, yaani kupiga shabaha kwa usahihi huku ukikimbizana na saa, una kitabu cha kanuni, una waamuzi, na una historia. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa Mei 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mkufunzi wa bastola Mmarekani. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Afrika haikuchelewa kuingia: mwaka 1977 mashindano ya dunia yalifanyika Salisbury, mji ambao leo unaitwa Harare, mwaka 2002 yakawa Pietersburg, Afrika Kusini, na mwaka 2025 yakarudi Afrika Kusini, safari hii Matlosana.

Ruhusu tueleze hesabu yake, maana asiyeielewa hesabu hii hufanya mazoezi ya kitu kisichompa ushindi. Shabaha ya karatasi ina kanda tatu, A, C na D. Ukipiga A unapata pointi 5. Kwa risasi za nguvu ndogo, ambazo ndizo wengi wetu hutumia, C ni pointi 3 na D ni 1. Kukosa kabisa kunakatwa pointi 10, na kupiga shabaha nyeupe iliyokatazwa kunakatwa 10 vilevile. Kisha jumla inagawanywa kwa muda uliotumika. Mwenye pointi nyingi kwa kila sekunde huchukua pointi zote za kituo, yaani mpangilio mmoja wa shabaha unaopigwa kwa mfululizo, na wengine hupata sehemu yao kwa kulinganishwa naye.

Chukua kituo cha risasi 12, chenye pointi 60. Wa kwanza anapata pointi 54 kwa sekunde 6, yaani 9 kwa sekunde. Wa pili hapotezi hata pointi moja lakini anatumia sekunde 7.5, yaani 8 kwa sekunde. Wa tatu anakimbia, anamaliza kwa sekunde 5, ila amekosa mara mbili: zile 10 zilizoingia A ni pointi 50, toa 20, zinabaki 30, yaani 6 kwa sekunde. Wa kwanza anaandikiwa 60, wa pili 53.3, wa tatu 40. Huyo wa tatu ndiye anayeshangiliwa na watazamaji, na ndiye anayerudi nyumbani akilalamikia waamuzi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomfundisha mshindani wakati wa kurudia risasi. Kama unakwenda kwa pointi 8 kwa sekunde, C inakugharimu robo sekunde na D nusu sekunde. Kukosa kunakunyima zile 5 na kukukata 10 juu yake, jumla 15, ambazo ni karibu sekunde 2. Risasi ya pili ya kusahihisha huchukua takriban thuluthi ya sekunde. Kwa hiyo ukijua umekosa, piga tena papo hapo. Ukipiga C, iache uende. Hili halihitaji kipaji, linahitaji kuona kilengeo cha mbele, kile kijiti cha kulengea kilicho karibu na mdomo wa bastola, kilikuwa wapi risasi ilipotoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nguvu ya risasi nayo hupimwa. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, unazidishwa na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000. Jibu lisipungue 125. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,020 kinatoa 126.5, kinapita. Kikishuka hadi futi 1,000 kinatoa 124, na hapo mshindani anaruhusiwa kuendelea kupiga, ila matokeo yake hayahesabiwi. Mwendo hubadilika kati ya toleo moja la risasi na jingine, hata kati ya bastola na bastola, kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi hayatoshi.

Tukija kwa anayeanza. Hatumshauri anunue vitu vya bei kubwa. Bastola ya kawaida ya milimita 9, isiyo na darubini wala kifaa cha kupunguza teke, yaani msukumo wa bastola inapolia, inamtosha kwa daraja la bastola za kiwandani. Holsta, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, iwe ngumu na ifunike triga yote. Ile ya kitambaa laini hujikunja bastola ikitolewa, na wakati wa kuirudisha inaweza kusukuma kitu ndani ya triga. Mkanda uwe mgumu pia, usiopinda. Magazini ziwe 5. Kituo kirefu hufika risasi 32, na katika daraja hilo kila magazini hujazwa risasi 15 tu, kwa hiyo 3 zinatumika, ya 4 ni ya dharura na ya 5 ni kwa ajili ya ile iliyoanguka kwenye vumbi jekundu ikagoma. Brashi ndogo ya kusafishia magazini ni ya lazima kuliko rangi ya bastola. Na kofia yenye ukingo, kwa sababu ganda la moto likitua kati ya miwani na shavu, mtu husahau mdomo wa bastola yake unaelekea wapi.

Umiliki ni jambo la sheria. Hapa Kenya kuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na majirani zetu wa Tanzania wana sheria yao ya mwaka 2015. Asiye na cheti, kikundi hakimpi njia ya mkato. Anaanza kwa kubandika shabaha, kuandika alama na kusoma kanuni, na tunakiri kwamba wengine waliopitia hapo sasa ni waamuzi bora kuliko wapigaji wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu kubwa ya mafunzo haya imefanyika bila risasi hata moja. Nyumbani, risasi zote zinapelekwa chumba kingine. Chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, inakaguliwa kwa macho, kisha kwa kidole. Mtu anaweka mdomo wa bastola sentimita 3 kutoka ukuta mweupe na kubonyeza triga polepole huku akitazama kilengeo cha mbele. Kikicheza, mkono umefanya kosa, na ukuta mtupu hauna shabaha ya kumpumbaza. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Zikizidi, umakini hupungua na mtu huanza kukariri makosa. Akimaliza aseme kwa sauti kwamba amemaliza, na aiweke bastola mbali. Hatari kubwa ni ya yule anayerudisha magazini yenye risasi, kisha akaamua kufanya "moja ya mwisho".

Kushika kunakuja kabla ya kila kitu. Mkono wa kupigia upande juu kabisa mgongoni mwa bastola, bila nafasi chini ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikilia. Kiganja cha mkono wa pili kijaze sehemu iliyobaki wazi ubavuni, vidole gumba vyote vielekee mbele. Mkono wa pili ndio ubane zaidi, ili kidole cha triga kibaki huru. Anayetumia mkono wa kulia akiona risasi zake zinatua chini kushoto, asikimbilie kusogeza vilengeo. Karibu kila mara anakaza ngumi nzima anapobonyeza, au anaisukuma bastola chini kabla ya teke. Dawa yake: mwenzake amjazie magazini akichanganya risasi bandia mbili tatu bila yeye kujua zilipo. Ikifika bandia, bastola hailii, na mdomo wake unazama mbele ya macho ya wote. Hakuna maneno ya mkufunzi yanayoshinda ushahidi huo.

Kutoa bastola kwenye holsta tunafundisha hivi. Mshiko ukamilike bastola ikiwa bado ndani, kwa sababu mshiko mbaya hautengenezeki njiani. Inapanda wima, mikono inakutana kifuani, inasukumwa mbele hadi kwenye mstari wa jicho. Kidole kinaingia kwenye triga pale tu bastola inapoelekea shabaha. Anayeanza akipiga A kwa mita 7 ndani ya sekunde 2 yuko sawa, sekunde 1.5 ni lengo la kumtosha muda mrefu. Wanaoharakisha huharakisha mwisho wa safari, bastola ikafika mbele kwa kishindo na kutikisika. Haraka iwe mwanzoni, mkono unapoifuata holsta.

Siku ya risasi za kweli, risasi 100 zenye mpango zinazidi 300 za kujifurahisha. Tunawapa mgawanyo huu: 20 za kituo kizima kabla mwili haujapata moto, maana kwenye mashindano hakuna anayekupa nafasi ya kujaribu kwanza, 20 za polepole kwa mita 20, 30 za kutoa na kupiga mbili kwa mita 7, na 30 za kuhama shabaha hadi shabaha, macho yakitangulia na bastola ikifuata. Kila matokeo yaandikwe daftarini, muda na pointi pamoja. Muda peke yake hudanganya.

Sasa usalama, ambao tunaukalia kwa muda mrefu na hatuoni haya. Bastola hubaki tupu ndani ya holsta hadi afisa wa uwanja atoe amri ya kujaza. Kuishika kwingine kokote ni ndani ya eneo la usalama tu, na humo hakuna kugusa risasi, hata ya bandia. Mdomo usivuke nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia risasi. Kidole kiwe nje ya triga wakati wa kutembea, kubadili magazini na kuondoa mkwamo. Ukivunja mojawapo, au bastola iliyojazwa ikakuponyoka, au risasi ikatoka bila kukusudia, mashindano yako yameisha siku hiyo, uwe bingwa au mgeni.

Kosa linalowafuta wanaoanza kuliko mengine lina mahali pake maalumu: mtu wa mkono wa kulia anapokimbia kuelekea kushoto huku akibadili magazini. Mwili umegeuka kushoto, na ili tundu la magazini lifikiwe na mkono wa pili, kifundo kinaupeleka mdomo wa bastola kushoto zaidi, yaani nyuma, kwa watu. Yeye mwenyewe hahisi, kwa kuwa macho yako kwenye magazini. Tunamzoeza apige hatua ya kwanza huku mdomo ukibaki umetazama tuta, abadili magazini mbele ya uso, ndipo akimbie. Atapoteza nusu sekunde. Na aipoteze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazo changamoto, na tunazileta kwako tukijua kikundi kama hiki hutarajiwa kuomba risasi. Hatuombi risasi. Kila mwanachama ajinunulie zake, atazithamini zaidi.

Tunaomba kwanza usaidizi wa trekta na udongo. Mvua za masika zimelikata tuta la upande wa mashariki, na tumelifunga eneo hilo lisitumike kwa mashindano hadi tuta lirudi kimo chake. Pili, mabamba ya chuma kigumu. Tuliyonayo yameanza kuwa na mashimo, na shimo ndilo linalorudisha vipande kwa mpigaji hata akiwa nje ya zile mita 7 za kanuni. Tatu, mashine ya kupimia mwendo wa risasi, pamoja na saa mbili za mlio, zile zinazotoa mlio wa kuanza na kupima muda wa mpigaji, kwa kuwa iliyopo ni moja na vikundi viwili haviwezi kupiga kwa wakati mmoja. Nne, sanduku la huduma ya kwanza la majeraha makubwa, lenye mikanda ya kufunga damu, na muuguzi wa kutufundisha kuitumia. Mkanda uliofungwa vibaya unaumiza bila kuzuia damu.

La tano halina gharama. Tunaomba ofisi yako itusaidie kumwalika afisa wa leseni, aje awaeleze wahitimu sheria ya kubeba na kuhifadhi silaha wakiwa njiani kati ya nyumbani na uwanjani. Maswali yao tumeyakusanya na tumeyaambatanisha na risala hii.

Baada ya kutoa vyeti, wahitimu watapiga kituo kimoja kifupi cha risasi 12 mbele yako. Tunakuomba ubonyeze saa ya mlio kwa mpigaji wa kwanza, ukiwa nyuma yake, pembeni mwa afisa wa uwanja.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Kikundi