Tramu ya Milton

Shoga yangu Rehema,

Mimi mzima, ila baridi na magoti yangu hawapatani. Uliniuliza kama ni kweli huku halmashauri inaweza kubishana na serikali mahakamani juu ya mipango miji. Wewe wa idara ya ardhi utacheka: inaweza, na safari hii serikali ndiyo iliyoanza kushtaki.

Unamkumbuka yule bibi ninayemhudumia Milton, nje kidogo ya Boston? Kwenu mji ule mngeuandika ujazo mdogo: uwanja mpana, miti, nyumba ya familia moja tu. Naufikia kwa tramu kutoka Mattapan, kibehewa kimoja cha rangi ya chungwa kilichoundwa miaka ya 1940, kikikata kona kinalia kama mlango wa stoo ya mama yako. Hiyo tramu ndiyo iliyoleta kesi.

Mwaka 2021 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria: miji 177 inayohudumiwa na usafiri wa umma wa Boston, au iliyo jirani nao, itenge eneo la nyumba za familia nyingi, makazi 15 kwa eka, mjenzi asihitaji kibali maalumu. Haimlazimishi mtu kujenga hata choo. Inaunyang'anya mji uwezo wa kusema hapana, na hapo ndipo panapouma. Kwa kuwa tramu ina vituo vinne Milton, mji ukawekwa kundi moja na wenye treni kubwa, ukatakiwa kutenga nafasi ya makazi 2,461. Wapinzani wakauliza: kwa kibehewa hiki? Hapo nakiri, nilicheka nao.

Mkutano wa mji, yaani wawakilishi waliochaguliwa na wakazi, ulishapitisha mpango wa kutenga eneo hilo Desemba 2023. Wapinzani wakakusanya saini, na Februari 14, 2024 wapiga kura wakautupa. Wiki zile mabango yalisimama kwenye theluji, Ndiyo huku, Hapana kule. Bibi yangu aliweka la Hapana, jirani yake wa miaka yote akaweka la Ndiyo, na kupelekeana keki kukaisha. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrea Campbell, akafungua kesi. Ruzuku ya jimbo kwa Milton, dola 140,800 za ukuta wa bahari, nayo ikafutwa.

Hukumu ilitoka Januari 2025, na wewe mtu wa mafaili utaipenda: sheria ni halali, Mwanasheria Mkuu anaweza kushtaki, lakini miongozo ya serikali ya kuitekeleza ilitolewa bila kufuata utaratibu, haina nguvu. Haikupita wiki, serikali ikatoa kanuni za dharura. Miji mingine, Middleton, Wrentham na wenzao, ikaenda mahakamani na hoja nyingine, kwamba inabebeshwa gharama bila kupewa fedha. Jaji akazitupa kesi zao Juni. Mwezi huohuo Milton ikapitisha mpango mpya.

Juzi namfunga bibi viatu, akaniuliza, "Na wewe ungehamia hapa?" Nikamwambia tungekuja watatu, maana chumba nachangia na wenzangu wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kiatu cha kushoto kinambana.

Msalimie mama, na unitumie ile picha ya harusi.

Wako,
Mwanaidi