Usiweke kalamu chini bado

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako ilinifika, nikaikawiza makusudi kuijibu. Nilitaka hasira zako zipoe kwanza, na zangu pia.

Unasema umechoka. Umejifunza kazi hii kwa kusubiri nje ya milango ya mahakama na kupiga simu zisizopokelewa, na leo ukifika kwenye tukio unamkuta kijana mwenye simu amekwisha kurusha kila kitu. Watu wameona, wamelia, wamegombana na wamehamia jambo jingine kabla hujatoa kalamu. Kisha mhariri anakuagiza uandike habari kutokana na video ya kijana huyohuyo. “Sasa mimi nina kazi gani?” umeniuliza. Na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukagusia kuwa umepewa uongozi wa dawati jipya la kupokea picha na video za wananchi, nawe hujui ukubali au uache.

Sitakubembeleza. Ile kazi ya kuwa wa kwanza kuona imekwenda na haitarudi.

Ila sidhani iliwahi kuwa yetu kama tunavyojisifia. Filamu mashuhuri kuliko zote ya kuuawa kwa Rais Kennedy mjini Dallas mwaka 1963 ilichukuliwa na mfanyabiashara wa nguo, Abraham Zapruder, kwa kamera yake ya nyumbani. Shuhuda wa kawaida amekuwapo siku zote. Kilichokuwa chetu ni mlango: Zapruder alihitaji wenye magazeti ili filamu yake ionekane, na jarida la Life likamlipa dola 150,000. London iliposhambuliwa kwa mabomu tarehe 7 Julai 2005, BBC ilipokea picha zipatazo 1,000 na barua pepe zipatazo 20,000 kutoka kwa wasikilizaji na watazamaji wake. Hapo watu walikuwa bado wanaupigia hodi mlango wetu. Ndege ilipotua juu ya maji ya mto Hudson jijini New York mnamo Januari 2009, picha iliyozunguka dunia ilipigwa na abiria wa kivuko, akaiweka Twitter moja kwa moja. Hodi hakuna tena, na wala hawatukosei adabu. Wana njia yao.

Kwa hiyo swali lako nalipokea, lakini nalielekeza kwingine. Ikiwa kuona si kazi yetu tena, nani anahoji kilichoonekana?

Kumbuka ile video ya Kameruni iliyosambaa Julai 2018. Wanaume wenye sare wanawaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wanawapiga risasi. Serikali ilisema ni uzushi, kwamba hao si askari wake na wala pale si Kameruni. Kama habari ingeishia kwenye simu za watu, ingebaki hapo, huyu anasema kweli, yule anasema uongo. Timu ya BBC Africa Eye, ikishirikiana na watafiti wa kujitolea mtandaoni, ikaichambua video ile kipande kwa kipande. Ule mstari wa vilele vya milima uliokuwa nyuma ya wauaji waliulinganisha na picha za setilaiti, wakaukuta karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni. Nyumba zilizoonekana zikawapa kipindi, kwa kuwa baadhi hazikuwapo katika picha za setilaiti za awali na nyingine zilikuwa zimebomolewa katika zile za baadaye. Kisha wakapima vivuli vya watu wanaotembea, wakabana muda hadi kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Hata bunduki ilisema: aina yake ni adimu katika sehemu ile ya Afrika, na baadhi ya vikosi vya Kameruni walikuwa nayo. Uchunguzi ulitoka Septemba 2018, na miaka miwili baadaye mahakama ya kijeshi ikawahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10.

Niambie, hapo mwandishi ni nani? Aliyechukua video alikuwa mmoja wa kundi la wauaji wenyewe. Waliochambua, wengine hawajawahi kuingia chumba cha habari. Lakini kulihitajika mtu wa kuyaunganisha yote, kuipelekea serikali maswali, na kuweka jina la taasisi yake rehani endapo wangekosea. Hiyo ndiyo kazi yako, hata kama huipendi ilivyobadilika.

Najua utaniletea Boston, kwa hiyo nikuwahi. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni Aprili 2013, watu wa Reddit, mtandao wa majadiliano, walijifanya wapelelezi, wakamtaja kijana asiye na hatia aliyekuwa amepotea, na familia yake ikateswa kwa ujumbe na simu. Ni aibu kweli. Lakini siku zilezile gazeti la wanahabari wa kulipwa, New York Post, liliweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili ambao nao hawakuhusika. Tusijifiche nyuma ya kitambulisho cha kazi. Kosa lilikuwa moja, haraka, na lilifanywa na pande zote mbili. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi methali hiyo naiheshimu sana, isipokuwa nikiwa kazini.

Kuna jambo hujaligusa katika barua yako, nami naona ndilo zito kuliko yote. Video za wananchi zimemwondoa msemaji rasmi kwenye kiti alichokikalia miaka mingi. Tulizoea kuandika “polisi wamesema” na kulala usingizi. George Floyd alipokufa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya kupata tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Goti la askari lililombana shingoni halikutajwa. Bila binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama akarekodi bila kushusha simu, magazeti mengi yangeiandika taarifa ile kama ilivyo, mistari minne ukurasa wa ndani, na sisi sote tungeipita. Mwaka 2021 bodi ya tuzo za Pulitzer, zile za uandishi wa habari Marekani, ilimtunuku heshima maalumu. Ilistahili, ila mimi niliona pia ni wanahabari wanaungama kwa mlango wa nyuma kwamba walikuwa wameziamini mno taarifa za maandishi.

Lakini usije ukadhani nimegeuka mpiga debe wa video. Mbinu nazo zina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya kuudhi. Picha ikipitia WhatsApp, zile taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani saa, mahali na aina ya kamera, kwa kawaida zinakuwa zimefutwa. Ndiyo maana wenzangu wa dawati humwomba shuhuda atume faili la asili kama hati, kisha humuuliza mambo ambayo mwongo hupata shida kuyajibu: ulisimama upande gani, nini kilikuwa mgongoni mwako, una picha nyingine uliyopiga dakika moja kabla? Mtu aliyekuwapo hujibu upesi na huongeza usiyomuuliza. Aliyeidaka video kwa jirani huanza kukasirika. Sasa zimekuja picha zinazotengenezwa na akili mnemba, na tatizo si zile za uongo peke yake. Mwenye kosa amepata kisingizio kipya, anaiangalia video ya kweli na kusema imetengenezwa na mashine. Kameruni walikana hata kabla mashine hizo hazijawa za kila mtu.

Halafu kuna deni, na hapa ndipo nakuunga mkono ukilalamika, ingawa wewe unalalamikia upande mwingine. Tunachukua vya watu bure. Tunamwandikia mtu aliyetoka kuona maiti, “habari, je tunaweza kutumia video yako kwenye majukwaa yetu yote?”, na maswali kama hayo anayapata kutoka vyombo kumi kwa mpigo, naye bado anatetemeka. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, Daniel Morel aliweka picha zake Twitter, na mashirika ya habari na picha, AFP na Getty, wakazisambaza bila ruhusa yake. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama huko New York likaamua alipwe dola milioni 1.2. Sasa zingatia: Morel ni mpiga picha wa kazi, anazijua haki zake, na bado ilimchukua karibu miaka minne. Mama aliyerekodi ghasia dirishani kwake atampata wapi wakili? Naye ana hatari ambayo mimi na wewe hatuna. Sisi tukimaliza kuandika tunaondoka. Yeye anaishi palepale, na pembe aliyorekodia inaonyesha dirisha lake.

Hadhira nayo si macho tu. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilikuwa na rundo la kurasa karibu 460,000 za madai ya matumizi ya wabunge wa Uingereza. Likaziweka mtandaoni, na zaidi ya wasomaji 20,000 wakajitokeza kuzipekua. Huo ni ushirikiano ninaoupenda kuliko hata video, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuhatarisha shingo yake, na wahariri walijua wanachokitafuta kabla ya kuwaita watu.

Kuhusu hiyo nafasi uliyopewa: ikubali, lakini usitie saini kabla hujawauliza mambo matatu, tena uyadai kwa maandishi. Je, kuna fungu la kuwalipa wanaorekodi, au mtaishi kwa ombaomba? Nani ana mamlaka ya kuizuia video isirushwe wakati mkuu wa matangazo anapiga kelele kuwa washindani wameshairusha? Na vijana watakaokaa mbele ya skrini wakitazama watu wakiuawa, tena na tena, ili kujua kivuli kimeangukia wapi, watapumzishwa vipi, na nani atawasikiliza? Hilo la mwisho usikubali wakujibu kwa maneno matamu. Nimeona watu hodari wakiacha kazi hii kimyakimya, na si kwa sababu ya mshahara.

Wakikujibu, niandikie haraka, hasa hilo la fungu la malipo. Sisi huku tuliambiwa lipo kwenye bajeti ijayo, na bajeti ijayo imekuwa ikija tangu wakati huo.

Wako mpendwa