Barua kwa mwanangu: Mimi sikai Calgary

Mwanangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako wa Jumapili. Kumbe uliivuta ile picha ukaikuza, ukaona nyuma yangu hakuna ghorofa hata moja, ndiyo ukauliza, "Baba, hiyo ndiyo Calgary?" Siyo Calgary, mama. Miaka miwili nimewaacha mseme hivyo kwa sababu ndilo jina majirani wanalolijua. Kazi yangu iko Calgary, huku Kanada, lakini kulala nalala Langdon, kijiji kilicho mashariki mwa jiji, kama nusu saa kwa gari barabara ikiwa haina barafu. Kodi ya mjini ilinishinda.

Huku ni nyika tupu, tambarare hadi macho yachoke. Unasimama mlangoni ukiwa mkavu, unatazama mvua ikimnyeshea mtu mwingine huko mbali. Zamani yalikuwa majani matupu, sasa ni ngano na kanola, mmea wa mbegu za mafuta. Siku ikiwa safi, upande wa magharibi milima ya Rocky inajitokeza kama Sagala inavyojitokeza ukiwa Voi, ila hii ina theluji kichwani. Upepo ndio mwenye nyumba. Kuna mmoja wa vuguvugu, wanauita chinook, hushuka kutoka milimani katikati ya baridi kali na kuyeyusha theluji kutwa moja. Ukidanganyika ukaweka koti kabatini, kesho yake unajuta.

Nilipofika nilidhani nimepotea. Siku niliyojua asili ya kijiji hiki ndiyo nilicheka peke yangu: nimekimbia Voi nikaja kukaa Voi nyingine. Langdon ni mtoto wa reli. Mwaka 1883 kampuni ya Canadian Pacific ilikuwa inatandika reli kuelekea magharibi, ikafika Calgary mwezi wa Agosti. Kila baada ya maili kadhaa iliweka kituo, na vituo viwili vya hapa vikapewa majina ya wakandarasi, Langdon na mwenzake Shepard. Hakuna aliyeuliza mahali pale paliitwaje kabla yao. Shepard sasa imemezwa na Calgary. Langdon bado inatafunwa polepole: nyumba mpya zinaota kila msimu, na asubuhi sote tunaelekea jijini kwa mstari mmoja wa magari.

Palikuwa na wenyewe, ndiyo. Reli ilipokaribia ardhi ya Wasiksika, watu walikasirika, padri mmoja aitwaye Lacombe akatumwa kuwatuliza. Chifu wao, Crowfoot, alipewa pasi ya kusafiri bure maisha yake yote, na yuko kwenye picha ameivaa shingoni kwa mnyororo. Pasi ya kupanda garimoshi juu ya ardhi yako mwenyewe! Nilimkumbuka babu yako, alivyokuwa akisema sisi Wataita tumebanwa kati ya mkonge na mbuga ya Tsavo.

Lakini jambo lililonigusa ni hili. Garimoshi halipo tena Langdon. Njia kuu ilihamishiwa kusini, inapita kijiji cha Indus, na hapa reli na mataruma yake yakang'olewa. Railway Avenue ipo, nimeitembea yote kutafuta chuma, hakuna. Usiku upepo ukitoka kusini nasikia honi kwa mbali, na hapo ndipo huwaza stesheni yetu ya zamani ilivyonyamaza tangu 2017, abiria walipohamia ile mpya. Unajua kwamba upana wa reli hiyo mpya, milimita 1,435, ndio upana wa hizi za Kanada? Ile ya zamani, aliyoifanyia kazi babu yako, ilikuwa mita moja kamili.

Mwezi wa Mei mwenye nyumba alinipa kipande cha bustani nipande viazi. Jembe likagonga kitu. Msumari wa reli: wa pembe nne, mrefu kama kiganja changu na vidole vyake, kichwa kimelala upande mmoja, kutu imeula ukawa na magamba. Huku mataruma yalikuwa ya mbao, yakapigiliwa kwa misumari hiyo. Babu yako, aliyetembea akikagua mataruma ya chuma hadi magoti yakamwisha, angelicheka sana. "Mbao? Mchwa wa Voi wangekula reli yote kabla garimoshi halijafika!"

Nimeuosha, uko dirishani. Mama yako mwambie ukweli wa Langdon mwenyewe kabla sijapiga simu Jumamosi, wewe unajua kumwingia. Na ukipita stesheni ya zamani, omba ruhusa kwanza, kisha inama utazame ubavuni mwa reli. Huwa wamechapa mwaka ilipotengenezwa. Babu yako alinionyesha nikiwa darasa la pili, nikausoma kwa sauti, na sasa nimeusahau. Nisomee.

Baba yako